Watoto wa Nyumba ya SP

Vijana wenzangu mnaobaki na chaki, nilipostaafu mliniomba niwaachie maneno. Maneno ndiyo niliyoishi nayo, basi siwezi kuwanyima. Habari za vyeo msizitafute hapa. Cheo changu kilikuwa kimoja toka mwanzo hadi mwisho, mwalimu wa Kiingereza, na mshahara wa mwalimu mnaujua wenyewe, haustahili kuharibiwa karatasi. Nitawasimulia namna nilivyowafundisha wachuuzi wa Butembo na Beni majina ya vitu kwa Kiingereza, na namna mama mmoja alivyokaribia kunyang'anywa duka lake kwa sababu ya majina hayo. Njia yangu ilisemwa sana mjini. Mimi bado naisifu, na kwa kuwa sasa niko nyumbani, hakuna mkaguzi wa kunikataza.

Masomo yale yalikuwa Jumamosi alasiri, katika darasa la shule ya msingi tuliloazimwa kule mtaa wa Mususa. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wenye maduka na magari, wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia videvu. Siku ya kwanza niliingia na kitabu nilichozoea kufundishia sekondari. Nikainua kalamu, nikasema pen. Wakarudia kwa adabu. Nikagusa dirisha, nikasema window. Wakarudia tena, ila nyuso zao zilikuwa kama za watu waliokuja harusini wakakuta kikao. Ndipo mama mmoja wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, pardon," alisema. "Sisi hapana uzisha madirisha. Tunauzisha vyuma. Ku Kampala nani ataniuliza habari ya dirisha?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikafunga kitabu. Mama huyo aliitwa Kavira. Alikuwa mjane wa Kasereka, mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapo hapo Mususa. Marehemu ndiye aliyekuwa akiagiza mali kutoka Kampala, na Kiingereza cha nyumba kilikuwa kinywani mwake. Alipougua akafa, duka lilibaki na ufunguo bila ulimi. Shemeji yake Kavira, aitwaye Katembo, alikuwa ameshasema wazi kwamba mwanamke asiyeweza kuongea na wenye mali atakula mtaji, heri duka apewe yeye. Kavira aliomba ukoo umwache kwanza asome. Kwa hiyo yeye hakuja darasani kupitisha Jumamosi.

Wiki ile nilikwenda kwa fundi Mbusa, aliyekuwa na karakana barabarani, kuazima vyuma vya kufundishia. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, lakini yeye ndiye mwalimu wangu katika kazi hii. Nilipokuwa nauliza, "Hiki kinaitwaje?" alikuwa ananikatisha. "Mbele uulize kinatumika nini. Jina itakuya yenyewe." Akaniwekea chuma mkononi, akanifumbisha macho, akanitaka nieleze kinafanya kazi gani. Nilishindwa mara nyingi. Nilirudi nyumbani na mikono ya shati imejaa mafuta machafu, mke wangu akataka kujua kama nimeanza kufundisha au kutengeneza pikipiki. Nikamwambia yote mawili. Hakucheka, maana yeye ndiye anayefua.

Hapo ndipo niliponunua kitenge. Nilitandika vyuma mezani, nikavifunika. Mwanafunzi anaingiza mkono chini ya kitenge, anapapasa, anaeleza kwa lugha yake kitu hicho kinafanya nini. Akishaeleza kazi, ndipo nampa jina. Kazi kwanza, jina baadaye. Ninyi mtakaoiga njia hii, viosheni vyuma kwa petroli siku moja kabla, na ncha zenye makali mzisugue kwa tupa. Mtu aliyejikata kidole hasahau jina, ni kweli, lakini Jumamosi ya pili harudi.

Mwanafunzi aliyenisumbua zaidi alikuwa Mzee Ramazani wa Beni, mwenye lori lililokwenda Kampala kupitia mpaka wa Kasindi. Kila Jumamosi alikuja amevaa kanzu nyeupe, na mkono wake hakutaka uende chini ya kitenge changu. Alidai majina yote yanayoanza na BR anayajua tayari, ameyaokota barabarani. Nikamjaribu. Brake, akasema, ni kile kinachokusimamisha. Bridge ni daraja, mahali unapoomba Mungu kile cha kwanza kifanye kazi. Na broker? Hapo akaomba wiki moja. Jumamosi iliyofuata akaniletea jibu lenyewe. Alikuja na komisioneri kutoka Beni, mtu wa katikati, yule anayekutafutia mali au mteja kisha anakata chake. Akamketisha mezani, akamfunika kitenge.

"Mupapase," Ramazani aliwaambia wenzake. "Mukikuta mifuko iko mingi kuliko nguo, muko kwa broker."

Walimpapasa, wakatambua, na komisioneri akatoka chini ya kitenge akiwa amepata wateja wawili. Neno hilo sikulifundisha tena, maana halikusahaulika.

Lakini shida kubwa ilikuwa mbele. Kiingereza kina tabia ya kuvalisha vitu tofauti kofia moja. Duka la vipuri peke yake lina spanner, spark plug, spoke, spring na sprocket. Wanafunzi walijua kila kitu kwa mkono, na kwa majina yetu tuliyoyatoa kwenye Kifaransa hawakukosea kamwe, bujii ya kutoa moto ni bujii na reyo ya gurudumu ni reyo. Kiingereza kikifika, wakaanza na SP na baada ya hapo kila mtu akashika njia yake. Aliyetaka bujii aliomba springi. Nilijaribu nyimbo, nilijaribu kuwakaririsha, nilikaribia kurudi kwenye dirisha.

Jumamosi moja nilikuwa naita majina ya waliohudhuria. Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Kavira, Kahambu. Nikasimama katikati. Mbele yangu kulikuwa na watu ambao karibu wote majina yao yanaanza na KA, na hakuna hata mmoja aliyeitikia jina la mwenzake. Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mwana wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Nyumba baada ya nyumba majina ni hayo hayo, hata Katembo wa darasani si yule shemeji wa Kavira, na mama akiita mmoja, mmoja ndiye anayekuja. Watu wanaoishi hivyo toka matiti ya mama, mimi nilikuwa nawahofia SP?

Nikafuta ubao. Nikawaambia leo tunaingia katika nyumba ya SP, tukawape watoto zamu zao. Walibishana kama watu wa ukoo kweli. Spanner akawa Paluku, kwa sababu bila ufunguo wa kukaza na kulegeza hakuna mwingine anayeingia mahali pake. Spark plug akawa Kambale, mtoa moto. Mimi mwenyewe ni Kambale, na kuanzia siku hiyo wakaniita Mwalimu Bujii hadi sokoni. Spoke, ule waya mwembamba wa gurudumu unaobeba mzigo wote bila kelele, akawa Kasereka. Spring ni Kakule, ukimkandamiza anarudi. Sprocket, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, akawa Katembo. Tulikariri kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na mwanafunzi akiulizwa mdogo alianzia kwa wakubwa hadi amfikie. Kabla ya mvua kuanza, hakuna aliyekosea. Tukajenga nyumba ya BR na nyumba ya CL. Mkaguzi mmoja alipita, akatikisa kichwa, akasema hajaona jambo kama hilo katika programu. Nilimjibu ni kweli, halimo.

Kavira alikuwa mwepesi kuliko wote. Mkono wake ukiingia chini ya kitenge, maana inatoka kabla sijauliza. Ila nilimwona na jambo moja. Wenzake baadaye walizoea kuruka moja kwa moja hadi kwa mtoto wanayemtaka. Yeye aliruka katika nyumba zote, na hata katika SP aliwafikia Kakule na Katembo bila kuzunguka. Akitakiwa kusema spoke tu, ndipo alirudi mlangoni na kuanza upya, spanner, spark plug, spoke. Nilidhani ni mazoea, nikamwacha.

Mvua zikaja. Barabara zetu mnazijua, mvua moja tu na kila shimo linazaa mapacha. Magurudumu ya pikipiki yalikatika spoke mji mzima, na waendesha pikipiki wakajaa mlangoni pa Kavira wakitaka spoke. Huo ndio ulikuwa mwito wake wa kwanza wa kuagiza peke yake. Alimtumia mwenye mali wa Kampala ujumbe wa sauti kwa simu, akaweka karibu mtaji wote, akangoja. Mzigo ukaja na lori la Ramazani. Masanduku yakafunguliwa mbele ya watu. La kwanza spanner. La pili spark plug. La tatu, dogo kuliko yote, ndilo la spoke. Waendesha pikipiki wakanunua chache zilizokuwamo, waliobaki wakavuka barabara kwenda duka lingine.

Katembo hakungoja vumbi litulie. Jumapili baada ya misa aliita ukoo kwa mama yake, mama mkwe wa Kavira, katika chumba cha wageni. Na mimi niliitwa, kwa kuwa mapishi yalikuwa yangu. Ramazani aliitwa kama msafirishaji. Katembo aliweka simu mezani, akacheza ujumbe wenyewe, kwa kuwa Kavira hakuufuta. Sote tukasikia sauti yake, safi kabisa, spanner, spark plug, spoke, please.

"Munasikia?" Katembo alisema. "Mutu anatafuta kitu moja, anaitisha tatu. Hapana yule wa Kampala alikosa. Alituma ile banamuomba. Donc, mama, funguo zikuye kwangu, mbele ya mali ya kaka yangu kuisha."

Akanigeukia. "Na mwalimu atueleze, ni masomo gani ile."

Nilikuwa na hasira, na nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia masomo yangu yamewaweka wachuuzi wengi barabarani na wote wamerudi na walichokwenda kutafuta. Nilimwambia nyumba niliyoijenga haina kosa, mtoto akiitwa anatoka peke yake. Ramazani akasaidia kwa namna yake, akasema lori lake halijui Kiingereza, linabeba tu. Hakuna aliyecheka. Na moyoni niliogopa, kwa sababu jibu langu lilikuwa zuri na bado halikueleza kwa nini Kavira, mwanafunzi wangu bora, aliita watu watatu.

Mama mkwe ndiye aliyemgeukia. Alimwuliza polepole, "Kavira, binti yangu, wewe unajua hii kazi. Juu ya nini ulifanya vile?"

Kavira alikuwa ameketi kwenye mkeka, anaangalia vidole vyake.

"Mama, ku masomo ile spoke tunaiita Kasereka," alisema. "Tangu bwana yangu alitutoka, mi hapana weza kutaja ile jina peke yake. Minaanza na bakubwa bake, Paluku, Kambale, minaenda pole pole, minamufikia. Hata ku Kizungu ni vile. Ku telefone vilevile. Nilipomufikia tu, nikasema please, nikafunga. Sikuwaza tena ule mutu wa Kampala anasikia nini."

Mimi nilikuwa nimekaa na mwanamke yule Jumamosi ngapi, nikimwona akirudi mlangoni mwa nyumba ya SP, na sikujua anarudia nini. Katembo alichukua simu mezani akaitia mfukoni. Yeye naye alikuwa amefiwa na kaka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona hivyo.

"Na miye vilevile," mama mkwe alisema. "Ku maombi ya mangaribi minataja batoto bangu bote mbele ya kumufikia ye. Peke yake minashindwa."

Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akarudi kuwa mkubwa wa nyumba. Aliomba funguo za duka, akazifunga kwenye ncha hiyo hiyo. Alisema kila asubuhi atafungua yeye, na Kavira atauza hadi mali ile iishe. Ikiisha, ataagiza tena, hapo dukani, mbele yake na mbele ya Katembo. "Utaitisha Kasereka, ye peke yake. Ukiweza, funguo ni zako. Ukishindwa, nitapatia Katembo, na hapana mutu atarudilia ile maneno."

Basi kazi ikawa kuuza spanner na spark plug katika mji uliotaka spoke. Mimi sina fahari hapa, wazo lilikuwa la Kavira mwenyewe. Alisema watoto hawa wamekuja pamoja, basi na watembee pamoja. Alishona vifuko vya kitambaa kigumu, katika kila kimoja akatia spanner moja, spark plug moja na spoke chache za akiba alizozipata kidogo kidogo kwa jirani. Akawauzia vijana wanaobeba watu na viazi kutoka Luofu na Kanyabayonga, njia ya kusini, wanaokwama mahali ambapo duka la karibu ni wingu. Alikiita kifuko hicho Nyumba. Kijana aliyelala njiani mara moja kwa kukosa bujii hakuhitaji kushawishiwa. Mali ikaenda. Katembo mwenyewe alibeba vifuko hadi Kanyabayonga akavimaliza, kisha akarudi akitaka vingine kwa sauti ya mtu anayekemea. Kavira alimpa, bila kumkumbusha lolote. Mimi ningemkumbusha.

Siku ya kuagiza ikafika. Tulikuwa dukani, mama mkwe kwenye kiti, Katembo mlangoni, Ramazani na kanzu yake, mimi pembeni karibu na matairi. Kavira alikuwa amekuja na kitenge kilekile cha darasani, nilikuwa nimemwazima. Alikitandika mezani, akaingiza mkono chini yake, nikajua ameshika nini. Kwa mkono wa pili akapiga simu. Mwenye mali wa Kampala akaitikia, akamsalimia, akamwuliza anahitaji nini safari hii.

Kavira alifungua kinywa. Niliona mdomo wake unatengeneza spanner. Mwalimu aliye ndani yangu alitaka kumsaidia, nikajiuma ulimi. Mama mkwe aliinuka, akaingiza na mkono wake chini ya kitenge. Hakujua Kiingereza hata neno moja. Mikono miwili ikashika waya mmoja.

"Spoke," Kavira akasema.

Yule wa Kampala akauliza kama ni spoke tu, au na vile vingine kama mara ile.

"Only spoke," akasema. Akataja kiasi, akashukuru, akakata simu. Kisha akalia, na mama mkwe akalia, na Katembo akatoka nje kuangalia pikipiki isiyokuwepo. Mama mkwe alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa funguo, akaziweka mezani. "Wasingya, binti yangu," alisema, na kwa Kinande hayo ni asante. Nimesimamia mitihani mingi, vijana wenzangu. Huo ndio ninaojivunia.

Sasa niko nyumbani. Njia ya kusini si ya kila siku tena, nyakati hizi za vita mnazijua, na pikipiki nyingi zinageukia upande wa Beni. Duka la Mususa lingalipo. Wanaokuja kununua ni vijana ambao sikuwafundisha, na wengi hawajui kama kulikuwa na darasa. Spoke hawaiiti reyo tena, wala spoke hawasemi. Jumatatu nilipita kumsalimia Kavira, nikaketi karibu na mama mkwe wake, ambaye macho yamepunguza nguvu lakini masikio bado. Kijana mmoja akasimamisha pikipiki yake, gurudumu limelegea, akaingia bila kumjua yeyote kati yetu.

"Mama, nilikuwa natafuta Kasereka," alisema.

Kavira alikuwa nyuma, anapanga mali. Mama mkwe akageuza kichwa, akaita kwa sauti ya mtu anayeita chakula kiletwe, "Kavira, banaitisha Kasereka."

"Iko, mama," Kavira akajibu, na akaja naye.